Mataji yote manne ya Ghana yaliletwa na vijana wa ligi ya nyumbani. Kwa nini Black Stars haiwataki tena?

Mchokozi wa Nyamagana:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila kikosi cha Black Stars, timu ya taifa ya Ghana, kikitangazwa, Waghana wanagombana juu ya jambo lilelile: mbona wa ligi ya nyumbani ni mmoja au wawili tu, na mara nyingi ni makipa wa kukaa benchi? Leo nataka tuugombanie na sisi.

Msimamo wangu: Ghana iweke kanuni. Katika kila wachezaji 23 wanaoitwa, wanane watoke ligi ya nyumbani, kocha apende asipende.

Msinirushie mawe kwanza, tazameni miaka. Ghana imebeba Kombe la Afrika mara nne: 1963, 1965, 1978 na 1982. Mwaka 1965 CAF, shirikisho la soka Afrika, iliweka kanuni kwamba timu isiwe na zaidi ya wachezaji wawili wanaocheza nje ya nchi. Kanuni ile ikadumu hadi 1982. Na taji la mwisho la Ghana ni la mwaka gani? 1982! Tangu milango ifunguliwe wamekula fainali tatu wakatoka mikono mitupu: 1992 kwa Ivory Coast kwa penati 11-10, 2010 kwa Misri, 2015 kwa Ivory Coast tena kwa penati 9-8, siku ile kipa wa Ivory Coast, Barry, alipodaka penati ya kipa mwenzake kisha akaenda kupiga ya ushindi mwenyewe.

Likumbukeni taji la 1982 vizuri. Rawlings ameshika nchi kwa mapinduzi tarehe 31 Desemba 1981, uchumi uko hoi, na mashindano ni Machi, Libya. Fainali wanacheza na wenyeji Tripoli, sare 1-1, penati 7-6. Kocha ni yuleyule C.K. Gyamfi aliyebeba 1963 na 1965. Kwenye kikosi kuna kitoto cha miaka 17 kinaitwa Abedi Pele. Abedi huyo akaja kuwa mchezaji bora wa Afrika mara tatu mfululizo akiwa Ulaya, na hakubeba tena kombe lile.

Mimi 2010 nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Mwanza, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay. Kiingilio walipandisha kutoka mia mbili hadi mia tano na hakuna aliyelalamika. Dakika ya 120 Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, Suarez wa Uruguay anadaka mpira kama kipa, kadi nyekundu, penati. Mwenye kibanda akazima feni ili jenereta isizidiwe. Asamoah Gyan akapiga mtambaa wa panya, mwamba wa juu wa goli. Watu zaidi ya themanini ndani ya mabati, na nilisikia jenereta tu. Kijana mmoja pembeni yangu alikuwa amevua shati tayari kwa kushangilia, akalivaa tena taratibu, kifungo kimoja kimoja.

Tangu siku ile kila Mghana anasema tulinyang'anywa na Suarez. Mimi nasema Suarez ni kisingizio. Mti ulikuwa umeshakauka mizizini, nyumbani.

Nawasilisha.

Mzee wa Kona:

Mchokozi, umepanga tarehe vizuri kama wakili, ila umeruka kitu. Kanuni ya wawili haikuijenga Ghana. Iliwafunga mikono wengine. Nchi ambazo vijana wao walikuwa wameshaanza kwenda Ufaransa ziliingia uwanjani zikiwa nusu, Ghana ikaingia nzima. Kanuni ilipoondoka, nani alibeba? Cameroon, 1984 na 1988, Roger Milla akitokea klabu za Ufaransa. Kwa hiyo Ghana haikudidimia mwaka 1982. Wenzake ndio waliruhusiwa kuja na silaha zao.

Halafu hao vijana wako wa nyumbani waliipeleka Ghana Kombe la Dunia mara ngapi? Sifuri. Waliopeleka mara ya kwanza, 2006, ni Essien, Appiah, Muntari, wote watu wa Ulaya. Wakawapiga Czech 2-0 na Marekani 2-1. Hilo hukuliandika.

Mchokozi wa Nyamagana:

Mzee, shikamoo kwanza. Hoja ya Milla naipokea. Ya Kombe la Dunia nakataa. Mwaka 1966 Ghana haikushindwa, ilisusa. Rais Nkrumah na mkurugenzi wake wa michezo Ohene Djan ndio walikuwa mbele kuisusia FIFA, kwa sababu Afrika ilitakiwa kugombania nafasi moja pamoja na Asia. Baada ya hapo Afrika nzima ikapewa nafasi moja tu, 1970 hadi 1978. Ukiwa na tundu moja la sindano, huwezi kumlaumu ngamia.

Na hao Essien na Muntari ulowataja, walitokea wapi? Liberty Professionals, klabu ya Accra. Gyan pia. Walicheza ligi ya nyumbani wakapikika, ndipo wakauzwa. Leo Kudus, nyota wa Black Stars, ametoka chuo cha soka cha Right to Dream moja kwa moja kwenda Denmark. Hajaonja ligi ya Ghana hata dakika moja. Unaona tofauti?

Mzee wa Kona:

Marahaba. Naona tofauti, na naona Kudus ndiye aliyefunga goli lililoipeleka Ghana Kombe la Dunia 2026. Kwa hiyo?

Baba Lushois:

Mimi ni mtu wa Lubumbashi, muniruhusu niingie. Ghana tunaijua kuliko wengi wenu. TP Englebert, ambayo leo ni Mazembe, ilikutana na Asante Kotoko fainali ya klabu bingwa 1967. Sare Kumasi, sare Kinshasa, ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea. Kombe likabaki kwetu. Mwaka 1970 wakarudi wakatupiga Kinshasa kwetu 2-1. Na katikati hapo, 1968 kule Addis Ababa, timu yetu ya taifa iliwafunga Black Stars 1-0 fainali. Mfungaji ni Kalala, mtoto wa Englebert. Kwa hiyo hiyo hadithi ya mpira wa nyumbani ni yetu pia.

Lakini bwana Mchokozi, wewe unaitazama ukiwa jukwaani. Mobutu aliwarudisha wachezaji wetu waliokuwa Ubelgiji na akawafungia mlango wengine wasitoke. Ndiyo, tulibeba Afrika 1968 na 1974. Halafu Kombe la Dunia 1974, Yugoslavia 9-0. Wale wazee walirudi wakazeeka mikono mitupu. Kipaji kilikuwa chao, mguu ulikuwa wa serikali. Ukisema "kanuni ya kubaki nyumbani" mbele ya mzee wa Lubumbashi aliyecheza miaka ile, chunga aliyeshika fimbo asikusikie.

Kubaki kwa kupenda na kubaki kwa kufungiwa si kitu kimoja.

Jirani wa Gor:

Mmemaliza? Sasa na sisi Wakenya tuseme. Desemba 12, 1965, siku ya Jamhuri, tukaalika Black Stars Nairobi waje kupamba sherehe. Walipamba. Magoli 13. Hadi leo babu yangu akiulizwa kuhusu Nkrumah anajibu kwa kuhesabu na vidole, na vidole havimtoshi.

Ila timu ile haikutoka kwenye ligi tu jamani. Ilikuwa mradi wa dola. Nkrumah aliipa timu jina la nyota nyeusi ya bendera, na Ohene Djan mwaka 1961 akaunda klabu nzima, Real Republikans, kwa kuchukua wachezaji bora wa klabu nyingine. Kotoko walinung'unika sana. Mwaka 1962 Real Madrid wakaja Accra na Black Stars wakatoka nao 3-3. Mapinduzi ya Februari 1966 yakaja, Nkrumah akaondoka, Republikans ikavunjwa. Sasa nani atalipia kanuni yako ya wanane? Hazina? Mwaka 2014 hazina ilijaribu, ikapakia zaidi ya dola milioni 3 taslimu kwenye ndege kwenda Brazil kwa sababu wachezaji waligoma mazoezi wakidai posho. Beki John Boye alionekana akizibusu noti zake. Siku iliyofuata akajifunga na Ureno.

Dada wa Temeke:

Mnazungumza kana kwamba wachezaji wa ligi ya Ghana wapo Ghana 😀

Kaka zangu, wako hapa kwetu. Bernard Morrison amecheza Yanga, kisha Simba. James Kotei, Nicholas Gyan na Asante Kwasi, Simba. Yakubu Mohammed na Daniel Amoah, Azam. Augustine Okrah, Simba kisha Yanga. Zamani Mghana aliondoka Kumasi kwenda Ulaya. Siku hizi anaondoka Kumasi anakuja Dar, na ukimwuliza atakwambia mshahara unafika.

Nilikuwa uwanja wa Mkapa Desemba 2023, Yanga na Medeama ya Ghana, hatua ya makundi ya klabu bingwa. Kwao ilikuwa 1-1, hapa tukawapiga 3-0. Mimi ni Yanga damu, nilishangilia hadi sauti ikakata, ila kipindi cha pili nikawaangalia wale vijana wa Medeama. Miguu wanayo. Mpira wanaujua, pasi zao fupi fupi tamu kweli. Walichokosa ni pumzi, na mtu mzima mmoja wa kuwatuliza. Yule mtu mzima ameshauzwa. Ligi yao kila anayefikisha miaka 22 na ana kitu mguuni anaondoka, wanabaki watoto na waliokata tamaa.

Sasa Mchokozi anataka kuchukua wanane humo awapeleke wakapambane na Morocco. Huo si uzalendo, ni kuwatoa kafara.

Kipa Namba Tatu:

Wanane wa nyumbani? Hata Komoro watawafunga.

Mchokozi wa Nyamagana:

Komoro walishawafunga, mkuu. 3-2, Januari 2022, kule Garoua. Na kikosi cha Ghana siku hiyo kilijaa watu wa Ulaya. Miaka miwili baadaye wakaongoza 2-0 dhidi ya Msumbiji, wakarudishiwa yote mawili dakika za nyongeza. Halafu wakashindwa hata kufuzu AFCON, yaani Kombe la Afrika, ya 2025, wakaburuta mkia nyuma ya Angola, Sudan na Niger bila kushinda mechi. Sudan, ambayo nchi ilikuwa na vita na ligi imesimama! Kwa hiyo msiniambie mapro, hao wa nje, ndio dawa.

Kipa Namba Tatu:

Komoro wenyewe wengi wamezaliwa na kukulia Ufaransa. Umejifunga. Kama Boye.

Mchokozi wa Nyamagana:

😂 Sawa, hilo goli limeingia.

Dada wa Temeke naomba nikujibu wewe, maana umesema kitu cha maana kuliko wote. Ni kweli ligi imeoza. Mei 2001 watu 126 walikufa uwanjani Accra, mechi ya Hearts of Oak na Kotoko, polisi walipopiga mabomu ya machozi na mageti yamefungwa. Wapo wazazi ambao baada ya siku ile hawakuruhusu tena mtoto kwenda uwanjani. Na hiyo ilikuwa miezi michache tu baada ya Hearts kubeba ubingwa wa Afrika, yaani ligi ilikuwa kileleni. Kisha 2018 mwanahabari Anas akatoa uchunguzi wake wa kamera za siri, marefa wanaonekana wakipokea bahasha, rais wa chama akajiuzulu, ligi ikasimamishwa katikati ya msimu. CHAN ilipokuja hapa kwetu 2025, ya wachezaji wa ndani, Ghana hatukuiona. Haikufuzu.

Lakini ndiyo maana nataka kanuni! Kijana akijua kuna viti vinane vya timu ya taifa, hatakimbilia Dar kwa mshahara wa mwaka mmoja. Mashabiki watarudi, wadhamini watafuata. Na ushahidi upo. Misri ilibeba 2006, 2008 na 2010 na kikosi cha Al Ahly, Zamalek na wenzao. Aliyeiua Ghana fainali ya 2010, Gedo, alikuwa anacheza Alexandria. Zambia 2012 iliwatoa Ghana nusu fainali ikiwa na vijana wa Mazembe, Baba Lushois anawajua, Sunzu na Kalaba. Na Nigeria 2013! Kocha Keshi alibeba wachezaji sita wa ligi ya nyumbani, watu wakamcheka. Goli la ubingwa dhidi ya Burkina Faso alifunga Sunday Mba, mtoto wa ligi ya Nigeria. Tena uwanja uleule wa Johannesburg ambako Gyan alipiga mtambaa wa panya.

Baba Lushois:

Sunzu na Kalaba walibaki Lubumbashi kwa sababu Mazembe ilikuwa inawalipa vizuri. Hakuna aliyewafungia mlango.

Dada wa Temeke:

Na Al Ahly wanalipa. Umeleta ushahidi wa mishahara, kaka, si wa kanuni.

Mzee wa Kona:

Nimalizie halafu nikalale. Keshi aliwaona wale sita kwa macho yake. Alizunguka viwanja vya Nigeria, akaona Mba anafaa, akamchukua. Angeona hakuna anayefaa asingechukua hata mmoja. Mba alichaguliwa na Keshi, hakuchaguliwa na kanuni. Wewe unataka kumpa kocha wa Ghana orodha ya wanane kabla hajatoka nyumbani kwake.

Mchokozi wa Nyamagana:

Mzee umenikaba koo. Basi watano.

Mzee wa Kona:

Mpeleke kocha Kumasi kwanza akatazame mechi. Namba mtazijua akirudi.