Ofisi ya wasanifu majengo Arusha: vijana wanaona kosa kwenye ramani, wananyamaza. Tuanzie wapi?

Skeli_Moja: Wakuu, habari za kazi. Ofisi ina watu tisa. Bosi anapitia ramani usiku wa kuamkia siku ya kuziwasilisha kuombea kibali cha ujenzi. Semina ya ushirikiano imefanyika, hakuna kilichobadilika.

Kalamu_Njiro: Mkuu, semina haiwezi kuishinda ratiba. Usiku wa mwisho, kijana akitaja kosa anawakesha wenzake wote, kwa hiyo kimya kinamlinda. Sogezeni mapitio: mara ya kwanza wazo likiwa bado la penseli, kwa skeli ya 1:200, mara ya pili 1:100, kabla mhandisi wa miundo hajakabidhiwa, kisha michoro ya kina ya 1:20 ya ngazi, vyoo na paa. Bandikeni ukutani, dakika 40 zinatosha. Mdogo kazini aanze kusema, bosi amalizie. Bosi akitangulia, wengine wataitikia tu.

Fomeni_Rau: Tazama na saiti. Choo kimesogezwa sentimita 30 kwenye toleo C la ramani, fomeni bado ameshika toleo B, la zamani, lililojaa vumbi la saruji. Tundu la bomba la inchi 4 linaachwa pasipo pake, slabu inamwagwa, kesho yake watu wanatindua zege na kukata nondo ambazo mhandisi alizihesabu. Halafu ofisini linaulizwa: "Nani kachora?" Swali hilo hadharani, hata mara moja, linafundisha watu kuficha. Ulizeni C ilitoka lini, nani aliipokea, B ilirudi? Wekeni daftari la kutolea ramani: tarehe, namba ya mchoro, toleo, saini ya mpokeaji. B ikirudi ipigwe mhuri wa "imefutwa".

Mama_Makadirio: Na ada je? Mkataba ukilipa sehemu kubwa kibali kikitoka, ofisi nzima itakimbilia kibali, michoro ya kina itachorwa fundi akisubiri. Gawanyeni malipo kwa hatua, na usimamizi wa saiti uwe na fungu lake. Kwangu hapo ndipo tabia ya ofisi inapozaliwa, kabla ya maneno yoyote ya bosi.

Skeli_Moja: Shukrani sana. Ila bosi ndiye mchoraji hodari kuliko wote, hawezi kukaa kimya dakika 40.

Kalamu_Njiro: Mpeni karatasi. Aandike kila analoliona, asome mwisho yale tu ambayo hakuna aliyeyataja. Anzeni na mradi mmoja mdogo, nyumba ya kuishi, msianze na hoteli.