Wafanyakazi 45, siku moja, miche 2,000: inawezekana?

Mwanzisha uzi: Wakuu, habari za leo. Kampuni imetenga Jumamosi moja wafanyakazi tujitolee kwenye kingo za mto. Tuko 45, wengi ni watu wa mezani. Bosi anataka miche 2,000. Nimepewa kazi ya kuratibu. Nianzie wapi?

Kitalu_Hai: Anza kwa kupunguza hiyo namba, mkuu. Watu wawili wasiozoea, mashimo yakiwa yamechimbwa tayari, hupanda mche mmoja kwa kama dakika kumi ukihesabu kubeba, kufukia na kumwagilia. Jozi 22 kwa saa tatu za kazi ya kweli ni kama miche 400. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hiyo ni ekari moja hivi, na lita 5 kwa kila mche ni lita 2,000 za maji. Hayo ndiyo mnayoweza kuyafikisha.

Mashimo yachimbwe wiki mbili tatu kabla, na watu wa hapo hapo, kwa malipo. Futi moja na nusu kila upande. Udongo wa juu uwekwe kando peke yake, ndio utakaotangulia kurudi shimoni. Wageni wakichimba wenyewe, saa tano asubuhi wameshachoka na mashimo yanakuwa vikombe.

Kosa linaloua miche mingi ni kiriba (mfuko wa plastiki mche uliokuzwa ndani yake) kubaki ardhini, mizizi ikajizungusha humo. Kila jozi ipewe miche 20 na irudishe viriba 20. Kikipungua kimoja, kuna mche umezikwa nacho, ufukuliwe. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi, ukiifukia, inaoza.

MzeeWaPalizi: Mimi nauliza kitu kingine: nani atapalilia? Mche unahitaji duara safi la mita moja na matandazo yasiyogusa shina, na palizi mbili tatu mwaka wa kwanza. Kama hakuna fedha za kumlipa mtu wa kufanya hivyo, pandeni 150 tu. Na msipange tarehe kwa kalenda ya ofisi. Subirini mvua ilowanishe udongo hadi sentimita 30 chini, mkipima kwa jembe, si kwa macho.

Kingo_za_Mto: Kabla ya miche, kaangalieni kama pana lantana, kile kichaka vamizi chenye miiba. Ikiwa ipo, siku yenu ya kwanza iwe ya kuing'oa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi inayofaa watu wengi wasio na ujuzi. Ikatwe ikiachwa kishikio cha urefu wa goti, kisha sululu ichimbue kitako cha mizizi. Ukifyeka tu, kisiki kinachipua kwa nguvu zaidi. Ifanyike kabla haijazaa, kwa kuwa ndege husambaza mbegu zake. Mabaki yasitupwe malishoni, ni sumu kwa mifugo. Glavu nene na mikono mirefu ni lazima.

Ukingoni kabisa msing'oe yote kwa mkupuo. Acheni mistari mistari, la sivyo mvua inaondoka na udongo. Mikaratusi kando ya maji pia hapana, inakunywa mno. Tafuteni miti ya asili inayoota mto huo huo.

Mratibu_wa_zamu: Upande wa watu: kundi la 8 hadi 10, msimamizi mmoja anayejua kazi. Hesabuni zana asubuhi na jioni. Sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa, buti, na gari moja lisilo na kazi nyingine. Ruhusa ya mwenye ardhi iwe ya maandishi, pamoja na mamlaka ya maji. Asiyetaka asilazimishwe, kuna kazi ya kupima, kuandika na kugawa miche.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Nakwenda na lantana kwanza, kisha miche 300 mvua zikishika. Ila bosi na 2,000 yake nimwambieje?

MzeeWaPalizi: Mwambie 2,000 ni lita 10,000 za maji kwa kila umwagiliaji, halafu muulize gari la maji atalilipa mara ngapi. Na muahidi hesabu ya miche hai mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya kupanda. Pigilia kigingi leo, picha zote zipigwe hapo hapo ili zilinganishwe.