Mota ya mashine ya kukandia unga haishikiki kwa moto, draivu nayo inazima. Nifanyeje?

Boflo_Moto (Malindi):
Salaam aleikum wakubwa. Nina kiduka cha mikate huku Maweni. Nimenunua mashine ya kukandia unga kutoka hoteli iliyokuwa ikiuza vyombo vyake. Kule ilikuwa kwenye stima ya fezi tatu. Kwangu ni fezi moja, basi fundi akanifungia draivu ya kW 2.2 inayoingiza fezi moja na kutoa fezi tatu. Ikiwa tupu, mashine yazunguka vizuri. Nikitia unga, mkono waanza kusitasita, dakika haiishi draivu imeandika ovalodi (mzigo umezidi) na kuzima. Nikiwasha tena na tena, mota yawa huwezi kuiwekea kiganja. Naiendesha kwa hetzi 20, maana unga wa boflo hautaki kasi. Fundi asema draivu ni ndogo, ninunue ya kW 4. Bei yake nimeiuliza, ndiyo nikaja hapa kwanza.

Chumvi_na_Kutu:
Pima stima yako jioni. Kuna mitaa volti zinashuka watu wakishawasha majiko.

Boflo_Moto:
Hata saa nne asubuhi inazima, ndugu yangu.

Fundi_Sabaki:
Usinunue kitu bado. Tazama kwanza kitabu cha draivu: ovalodi ya mota na ovalodi ya draivu kwa kawaida zina alama mbili tofauti. Halafu nipe mambo matatu: kibati cha mota kinasema nini, paramita ya ampea za mota (namba inayowekwa ndani ya draivu) imewekwa ngapi, na ndani ya kile kikasha cha nyaya juu ya mota vipande vya shaba vimekaaje. Kabla ya kufungua, zima stima kwenye swichi kuu na ungoje kama dakika kumi. Kapasita za draivu huweza kubaki na volti za hatari hata kioo kikishazima.

Boflo_Moto:
Alama ni ya mota. Kibati: kW 2.2, volti 230/400, ampea 8.5/4.9, mizunguko 1430, hetzi 50. Paramita ni 4.9. Vipande vya shaba vimelala, vimeshika skrubu tatu za safu moja. Vina kutu. Unga ukiwemo, kioo chaonyesha ampea 8.6.

Mtu_wa_Pampu:
Rahisi hiyo. Pandisha 4.9 iwe 8.5, kibati chenyewe kimeandika. Haitazima tena.

Fundi_Sabaki:
Haitazima, kweli, na wiki ijayo atakuwa kwa msukaji mota. Bwana Pampu, koili za mota hufungwa kwa namna mbili, delta au staa, na hiyo 8.5 ni ya delta, kwa volti 230. Mota hii imefungwa staa, kama ilivyokuwa hotelini kwenye volti 400. Draivu ya fezi moja haitoi 400, inatoa 230 hivi. Kwenye staa kila koili inapata kama volti 133 badala ya 230, na nguvu ya kuzungusha inabaki karibu theluthi moja. Unga ukishika, mota inavuta ampea nyingi kufidia, na koili ya 4.9 inapitishiwa 8.6. Draivu ilikuwa ikizima kwa haki. Ukiinyamazisha bila kugusa shaba, umeondoa mlinzi na mwizi yumo ndani.

Boflo, toa vipande, visugue kutu, uvisimamishe vitatu, kila kimoja kishike skrubu ya juu na ya chini yake. Hiyo ndiyo delta. Kaza barabara. Ndipo uweke 8.5 kwenye paramita. Volti za mota ziwe 230 na hetzi ya msingi 50. Draivu nyingine hutoka kiwandani na 60. Hiyo kW 2.2 yako inatosha, ila hakikisha ubavuni imeandikwa ampea za kutoka zisizopungua 8.5.

Boflo_Moto:
Allah akulipe kheri. Imeandikwa 10. Nimegeuza, na unga wote umekandwa bila kuzima. Lakini ampea zimeshuka kidogo tu, 6.8. Na nikikanda mara ya tatu mfululizo mota bado yapata moto, si kama mwanzo.

Fundi_Sabaki:
Hiyo 6.8 ni ya waya. Kwenye delta kila koili inabeba kama 3.9 tu, kwa hiyo usiogope. Moto uliobaki ni wa hetzi 20: feni ya nyuma imefungwa kwenye shafti ya mota, mota ikienda mbili kwa tano ya mwendo, upepo nao unapungua vivyo hivyo. Unga mzito nao haupungui uzito kwa sababu mashine inakwenda polepole. Fungua kifuniko cha feni, naahidi utakuta unga umeganda kwenye mbavu kama sementi.

Chumvi_na_Kutu:
Kama ina mkanda, badilisha puli. Weka kubwa zaidi upande wa mashine, mota iende hetzi 40 na bakuli lizunguke vilevile. Mzigo wa mota utapungua karibu nusu na feni itapuliza.

Boflo_Moto:
Ina mkanda. Mbavu nimezikwangua kwa kisu cha mkate, unga umetoka vipandevipande. Puli nampelekea mchongaji wa vyuma kesho. Nimwambie kipenyo mara mbili ya ilivyo?

Chumvi_na_Kutu:
Mara mbili, ndiyo. Na upime urefu wa mkanda mpya kabla hajachonga, usije ukagonga kifuniko.

Mtu_wa_Pampu:
Fundi Sabaki, na pampu ya bwawa ikiwa imefungwa staa kwenye draivu ya fezi moja, nayo vivyo hivyo?

Fundi_Sabaki:
Kasome kibati, uje nacho hapa.