Mashine ya vifaranga inahitaji waifai kweli?

Fundi Kiboriloni: Wakuu, kijana kaniletea mashine ya kutotoleshea vifaranga, imegoma. Ndani kuna ESP32 (bodi ndogo inayoendeshwa na programu), waifai na rundo la laibrari, yaani programu zilizoandikwa tayari na watu wengine. Kazi yenyewe ni kuwasha taa joto likishuka chini ya nyuzi 37.5 na kuizima likipanda. Themostati ya kupima joto na rilei ya kuwasha na kuzima taa havitoshi? Watoto wa siku hizi wanaunga nyaya bila kujua resista ni nini.

Chalii wa Sakina: Hao "watoto" ni sisi? Nyie wazee wa redio kila chenye programu mnakiogopa.

Mama Kuku Ngaramtoni: Mimi ndiye mwenye mayai, nisikilizeni. Ujumbe kwenye simu umeniokoa umeme ulipokatika usiku. Ila intaneti ikipotea mashine inaacha kuwasha taa! Joto linasubiri intaneti ya nini?

Mangi Saketi: Umeona? Laibrari za watu hizo. Toleo la 3.0 la ESP32 kwa Arduino, mfumo wa kuandikia bodi hizi programu, lilipotoka 2024, amri ya ledcSetup ikaondolewa. Programu iliyokuwa nzima ikakataa kukompaili, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya bodi. Bodi ya Arduino Uno ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kilobaiti 32 tu na inapiga kazi.

Chalii wa Sakina: 32 ni flashi, sehemu ya kuhifadhi programu; RAM ni 2. Hilo hulijui halafu unatufundisha?

Mangi Saketi: Nimeshika risasi ya kulehemu hujazaliwa. Jibu la ledcSetup liko wapi?

Chalii wa Sakina: Unabaki na toleo la zamani, unaandika namba yake kwenye mradi. Injinia anajua hilo, fundi hajui.

Dada Saketi Majengo: Hata hiyo Uno haikuokoi. millis(), saa ya bodi inayohesabu milisekunde tangu iwashwe, inarudi sifuri baada ya siku 49 na ushee. Ukiandika "millis ikizidi saa fulani" badala ya kutoa saa ya mwanzo kwenye saa ya sasa, pampu ya shamba inakwama au inawaka ovyo. Watu wananakili bila kusoma, bodi haina kosa.

Fundi Kiboriloni: Turudi kwa huyo injinia. Redio nilizotengeneza zinaongea mpaka leo Rombo nzima. Za kwako ziko wapi?

Chalii wa Sakina: Shikamoo mzee, lakini redio haitumi ujumbe.

Mama Kuku Ngaramtoni: Mayai yangu yamefika siku ya 12! Kuna anayeweza kunifungia themostati ya pembeni, taa iwake hata programu ikiganda?

Mangi Saketi: Kwanza huyu dogo aniombe radhi.