Shahada ya mtandaoni chuo cha Wakatoliki, nasi tuko visiwani: tupeane uzoefu

Karani wa Chake
Assalaam alaykum. Niko Chake Chake, karani wa hesabu skuli ya binafsi, nina stashahada ya uhasibu. Mkuu wangu ameshaniambia mara mbili kwamba bila shahada hapo nilipo ndipo nitakapozeekea. Kuhamia Unguja siwezi, nina watoto wawili na mama anaugua sukari. Rafiki yangu aliyeolewa Mwanza kanitumia fomu ya chuo cha Wakatoliki, masomo yote mtandaoni, ada kwa awamu. Tangu Jumatatu nimejaza jina na tarehe ya kuzaliwa, nilipofika kwenye "Dini" nikasita. Sioni haya na dini yangu, nataka tu kujua naingia wapi. Waliosoma hivi wakiwa huku kwetu semeni. La umeme msinifiche.

Dala 505
Umeme tutauficha vipi na wenyewe kila siku unajificha?

Mzee wa Makunduchi
Mie umeme haukunifanya kitu, saa ndiyo iliyonimaliza. Barua ya chuo imeandika mtihani 8:00. Mie nikasoma saa nane. Nimelala mpaka jua limepanda, nikaoga, nikala ubwabwa wangu, nikakaa mbele ya kompyuta saa saba na nusu nimevaa shati la mikono mirefu kama naenda kwa kadhi. Nafungua, naambiwa mtihani umefungwa. Kumbe ilikuwa saa mbili asubuhi! Miaka hamsini na mbili ninayo, na saa nimefundisha watoto skuli. Mke wangu hadi leo nikimuuliza saa ngapi hunijibu, "Ya chuo au ya kwetu?"

Shoga wa Vikokotoni
😂😂 Ya chuo au ya kwetu! Hiyo naichukua.

Mtoto wa Wete
Dada Karani, umenigusa pabaya. Nilisema sitolieleza jambo hili lakini leo nalitapika.

Mie nilisoma chuo cha Wakatoliki pia, jina sikitaji kwa sababu shahada yangu imetoka kwao na sitaki maneno. Mwaka wa pili, mtihani wa takwimu. Mtihani wenyewe unalindwa kwa kamera. Kabla hujaanza unabeba laptopu unaizungusha chumba kizima, waone kuta, waone chini ya meza, waone dari. Mlango ufungwe. Asiingie mtu, usiseme, usitupe jicho pembeni. Ukikosea, kioo kinakuwa chekundu na jina lako linapelekwa mbele.

Na huo ulikuwa mchumo wa karafuu. Wa Pemba wenzangu mnajua maana yake. Uani hapakanyagiki, ni majamvi tu yameanikwa karafuu. Ukumbini magunia. Chumba pekee chenye meza ndimo bibi alimoweka pishi yake ya kupimia na magunia matupu. Nikawaambia nyumba nzima, saa tatu mpaka saa tano asubuhi asiingie mtu. Wote wakaitikia. Bibi aliitikia pia, lakini bibi sikio lake huitikia kwanza, likasikia baadaye.

Swali la saba, mvua. Si manyunyu, vuli yenyewe. Nasikia nje watu wanakimbia, majamvi yanakunjwa, mtoto analia. Mie macho kwenye kioo, jasho linanitoka. Mlango ukafunguliwa pa! Bibi, kanga imemrowa mwili mzima, "Weye! Karafuu zinarowa nawe umekaa watazama sinema!" Nikanyanyua mkono kumwashiria atoke. Hiyo nayo kosa. Yeye akaja mpaka mezani kuchukua magunia, akaona kwenye kidirisha kuna kijana anatutazama, ndiye msimamizi. Akainama, uso mzima kwenye kamera. "Hujambo mwanangu? Mwambie mwenzio akaanue karafuu."

Kioo chekundu. Mtihani umesimama.

Nifanye nini? Nikenda kuanua karafuu.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kamati ya nidhamu, tuhuma yenyewe ni "kusaidiwa na mtu wa tatu". Takwimu, bibi yangu! Kikao kwa video, watu watatu, mwenyekiti padri. Wakaniuliza kama nina shahidi. Nikamleta bibi, kavaa buibui lake la Idi. Padri akamsalimia Kiswahili safi kabisa, akamuuliza siku ile aliingia kufanya nini. Bibi naye akamuuliza, "Weye ndiye uliyemkataza mtoto asianue?" Padri akazima kamera yake kama dakika nzima. Aliporudi alikuwa anapangusa miwani. Akauliza, "Mama, zilirowa kiasi gani?" Bibi akamtajia gunia moja moja.

Wakaniruhusu nirudie muhula uliofuata, ila ada ya kurudia nilipe mwenyewe. Karafuu zilizorowa tuliuza daraja la chini.

Dala 505
Bibi apewe shahada ya heshima.

Shoga wa Vikokotoni
Yakhe, mie nimesoma hii kwenye daladala, watu wananitazama. Gunia ngapi ziliokoka?

Mtoto wa Wete
Kumi na moja. Tatu ndizo zilizoharibika.

Mwana Mkoani
Kuna kitu hapa hakikai sawa. Vuli siku hizi inakuja wakati inaotaka yenyewe, na mtu mzima wa Pemba asubuhi hatazami mbingu kabla ya kuanika? Bibi wa wapi huyo?

Mtoto wa Wete
Bibi wa Wete, na mbingu alitazama. Wewe wa Mkoani karafuu unazionea kwenye magunia bandarini.

Mwana Mkoani
Usinitafute.

Ndugu wa Mwembetanga
Wote mnacheka, hakuna anayeuliza la maana. Mtoto wa Kiislamu, Pemba, kwenda kutafuta elimu kwa maaskofu. Vyuo vyetu havipo? Zanzibar University iko Tunguu, Unguja, tangu 1998. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ipo. Kwa nini mpaka kule?

Karani wa Chake
Kaka, Tunguu na Chake kuna bahari katikati. Hilo nimeshaeleza juu.

Binti Shangani
Mie Mkristo, nimebatizwa pale Minara Miwili na nimekulia baina yenu, naomba niseme kidogo. Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa mwaka 1990 kanuni za vyuo vikuu vya Kikatoliki. Humo imeandikwa kwamba mwanafunzi asiye Mkatoliki aheshimu sura ya Kikatoliki ya chuo, na chuo nacho kiheshimu uhuru wake wa dini. Pande zote mbili. Kwa hiyo dada jaza "Uislamu" uendelee.

Ndugu wa Mwembetanga
Kuandikwa ni jambo moja.

Maalim wa Chwaka
Na kufanyika ni jingine, kweli. Mie nimesoma SAUT, Mwanza, kile cha maaskofu kule Nyegezi. Sikusoma kwa mtandao, nilikaa hapo hapo. Darasani tulikuwa Waislamu wengi tu, Ijumaa naaga nakwenda msikitini na hakuna aliyeniuliza. Kilichonisumbua ni baridi ya ziwani usiku na dagaa kila siku. Dada yangu Karani aangalie mambo mawili. Kwanza orodha ya masomo ya lazima, vyuo vingi vya namna hii huweka somo la falsafa au la maadili, alisome jinsi lilivyo kabla hajalipa. La pili ratiba ya mitihani wakati wa Ramadhani.

Shoga wa Vikokotoni
La Ramadhani nitilie mkazo. Mie chuo changu hata si cha kanisa, walinipa mtihani saa kumi na mbili na robo jioni. Adhana inaadhiniwa mie nachagua a, b, c au d. Tende niliificha kwenye mkono wa kanzu.

Dala 505
Kamera haikuona?

Shoga wa Vikokotoni
Iliona mdomo unatafuna. Nikaandikiwa onyo.

Baba Watatu
Mnamsahau dada. Kabla ya dini na karafuu, chuo hicho kina ithibati? Cha Tanzania angalia kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutoka kila mwaka. Cha nje, shahada yake itabidi uipeleke TCU ikatambuliwe, na mwajiri atakuuliza karatasi hiyo. Muulize mkuu wako kwa maandishi kama atakubali shahada ya mtandaoni. Kwa mdomo usikubali. Mie nililipa miaka miwili kwanza, ndiyo nikauliza.

Mzee wa Makunduchi
Ikawaje?

Baba Watatu
Nauza vipuri vya bodaboda.

Mwana Mkoani
Aende Chuo Kikuu Huria, kwisha. Kimeanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama yeye, na Pemba kina kituo. Mtu akikwama anapanda gari anakwenda kuuliza uso kwa uso.

Mtoto wa Wete
Hapo kwa mara ya kwanza Mkoani umesema kweli.

Binti Shangani
Si kila kozi iko kila mahali jamani. Alinganishe ada kwanza.

Maalim wa Chwaka
Na umeme sasa. Laini mbili za mitandao tofauti, pauabenki ya simu iliyojaa, na TUKUZA, yaani luku yetu ya umeme, usiiache ifike uniti tano siku ya mtihani. Soma alfajiri, mtandao mwepesi.

Dala 505
Alfajiri watoto wanaamka. Soma saa sita usiku.

Mzee wa Makunduchi
Saa sita ya chuo au ya kwetu?

Mwana Mkoani
Sisi Pemba tuna waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010. Wa Unguja ndio waliokaa gizani miezi mitatu tangu Disemba 2009, wasitufundishe umeme.

Shoga wa Vikokotoni
Miaka hiyo yote bado mnatusimanga tu!

Karani wa Chake
Ahsanteni. Nimeandika "Uislamu", fomu ikapita, hakuna kilicholia. Sasa inataka barua mbili za watu wanaonijua kitabia, wasiwe ndugu. Mkuu wangu ataandika moja. Mtoto wa Wete, nina wazo la nyengine, bibi yu hai?

Mtoto wa Wete
Yu hai na yuko hapa, nimemsomea. Anauliza chuo chenyewe ni kile cha yule wa miwani? Kama ndicho, anasema ataandika, lakini mchumo ukishakwisha.