Vipindi vya televisheni vya kuchimbua mambo ya kale uani kwa watu: je, vinawezekana Nyanda za Juu Kusini?

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Kwa muda sasa nimekuwa nikitazama vipindi vya Uingereza ambamo wanaakiolojia hubisha hodi kwa watu wa kawaida, huomba ruhusa ya kuchimba bustani, kisha huonyesha kilichozikwa chini ya nyasi. Cha zamani kati ya hivyo ni Time Team, kilichoanza kurushwa na Channel 4 mwaka 1994 na ambacho kila uchimbaji wake ulipewa siku 3 tu. Cha karibuni ni The Great British Dig, kilichoongozwa na Hugh Dennis, ambacho kilihama kutoka ua mmoja hadi mwingine katika mtaa uleule. Kinachonivutia zaidi ni nafasi anayopewa mwenye nyumba, kwa kuwa naye hushika mwiko na chekeche, na huelezwa maana ya kila kigae kinachotoka.

Huku kwetu watu wanapochimba msingi au shimo la choo hukutana na vigae vya vyungu, mawe ya kusagia na mavi ya chuma, yaani masalia ya kuyeyusha chuma, na vyote huishia kwenye kifusi. Je, kipindi cha namna hiyo kingewezekana Iringa au Mbeya, au sheria na mila zetu haziruhusu?

Mwalimu wa Historia, Mafinga

Ndugu wa Kihesa, nashukuru kwa swali hili, kwa sababu linagusa jambo ambalo televisheni yenyewe hulionyesha kwa uchache. Kamera hupenda sarafu na pete, lakini elimu imefaidika zaidi na vigae ambavyo mtazamaji hawezi hata kuvikumbuka. Carenza Lewis, mmoja wa wanaakiolojia waliokuwa katika Time Team, baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge na kuwaongoza wanafunzi na wanavijiji wa mashariki mwa Uingereza kuchimba mashimo ya mita 1 kwa mita 1 katika bustani zao, wakishuka sentimita 10 kwa kila hatua, wakichekecha udongo wote na kutenga vigae kwa umri wake. Mwaka 2016 alichapisha matokeo ya mashimo takriban 2,000, nayo yalionyesha kwamba vigae vya kipindi kilichofuata tauni ya 1348 na 1349 vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 45 kuliko vya kipindi kilichotangulia, dalili kwamba watu nao walipungua. Shimo moja lisingeweza kusema hivyo hata kidogo. Yalipowekwa pamoja, ukubwa wa msiba ule ulipimika hata katika vijiji ambavyo havikuacha maandishi ya kutosha, na mwenye bustani ambayo haikutoa kigae alikuwa amechangia sawa na jirani yake, kwa kuwa ukosefu nao huingia katika hesabu.

Sasa tazama Kalenga. Kijiji cha leo kimekaa juu ya ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambayo Wajerumani waliiteka Oktoba 1894. Mgeni akifika hupelekwa makumbusho kuliona fuvu lake lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na inastahili iwe hivyo. Hata hivyo, watu wa kawaida waliokaa ndani ya ngome ile walipika nini, wahunzi wao walifanyia kazi upande gani, na bidhaa za pwani zilifika katika nyumba zipi? Majibu hayo, kama bado yapo, yako chini ya nyua za wakazi wa sasa. Tumezoea kudhani kwamba mambo ya kale ya Iringa ni zana za mawe za Isimila peke yake, kwa sababu mmomonyoko ulizifunua korongoni na wachunguzi wa kigeni wakazichimba katika miaka ya 1950. Miaka 130 iliyopita nayo inahitaji kuchimbwa, tena kwa heshima ileile.

Mzee wa Uyole, Mbeya

Mwalimu, siupingi uchimbaji, naipinga televisheni. Wewe unajua jinsi imani kwamba Mjerumani aliacha mali ardhini ilivyowapeleka watu kuchimba chini ya miti mikubwa na kwenye miamba yenye alama, wakitafuta rupia. Kamera ikionekana kwenye kiwanja cha mtu mchana, usiku watakuja wenye masururu, na udongo ukishavurugwa, tabaka la juu na la chini huchanganyika, hata mtaalamu bora hawezi tena kusema kipi kilitangulia. Jambo la pili ni makaburi. Familia nyingi za huku huzika nyumbani, karibu na migomba, na mipaka ya makaburi ya zamani haionekani kwa macho. Hata Uingereza, Time Team walipowaalika watazamaji mwaka 2003 kuchimba mashimo katika bustani zao wenyewe, wapo wanaakiolojia waliolalamika kwamba ushahidi ungeharibiwa na watu wasio na msimamizi.

Mtafiti, Vwawa

Shikamoo, Mzee. Hofu yako ina msingi, na sheria inakuunga mkono. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayechimba kutafuta mambo ya kale awe na kibali, hata kama ardhi anaimiliki. Hapo ndipo tunapotofautiana sana na Uingereza, ambako mwenye bustani anaweza kuchimba kwake isipokuwa eneo liwe limehifadhiwa kisheria, na hulazimika kutoa taarifa anapopata dhahabu au fedha ya kale.

Kwa maoni yangu, kipindi kinawezekana kwa masharti mawili: kirekodiwe chini ya watafiti wenye kibali, na kirushwe baada ya mashimo kufukiwa, bila kutaja kiwanja. Aidha, kisiongelee mali kabisa. Ivuna, kwenye chumvi, wataalamu walichimba miaka ya 1960 na kukuta vigae vingi pamoja na dalili za kazi ya kuchemsha chumvi. Mambo kama hayo ya jikoni na kazini yanatosha kumshikilia mtazamaji saa nzima. Kuhusu mavi ya chuma, ndugu wa Kihesa, yakionekana yasihamishwe. Yapige picha pamoja na rula, andika kina chake, kisha peleka taarifa makumbusho ya Boma, Iringa, maana huenda tanuru lenyewe liko hatua chache kando.

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Nimewaelewa, na nawashukuru nyote. Mwalimu, tukitaka kuwaendea watu wa Kalenga kuhusu jambo hili, tuanze na mwenyekiti wa kijiji au na wazee wa koo?

Mwalimu wa Historia, Mafinga

Anzeni na wazee wa koo, kwa kuwa wao ndio wanaojua makaburi yalipo. Wakishaonyesha mahali pasipoguswa, mwenyekiti aitishe mkutano wa kijiji, na barua ya kuomba watafiti iandikwe baada ya hapo.