Moshi: Shirika la umma limenunua saruji kabla ya nondo, hasara nabeba mimi fundi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Mimi ni fundi mwashi hapa Moshi. Tangu Novemba nina mkataba wa nguvu kazi na shirika moja la umma, tunajenga ofisi na ghala kwa fosi akaunti, yaani vifaa wananunua wao, sisi tunajenga, malipo ni kwa hatua: msingi, lenta, kupaua. Hatua isipokamilika huoni hata mia.

Msingi tulimaliza kabla ya Krismasi. Kuanzia hapo tunasubiri nondo za milimita 16 za nguzo. Januari naambiwa ombi ndiyo kwanza limefika kitengo cha ununuzi. Februari, zabuni ipo NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Machi, aliyeshinda kagoma kuleta, anasema bei imepanda tangu aandike yake, kwa hiyo inatangazwa upya. Masika nayo hiyo imeingia.

Halafu saruji mifuko 300 ililetwa Januari hiyohiyo! Imerundikwa kwenye kibanda cha mabati kinachovuja. Juzi nimepasua mfuko kwa sururu, ndani jiwe tupu. Stata za nguzo, zile nondo zilizochomoza kwenye msingi, zimeota kutu, ukizishika magamba yanabaki mkononi. Siku nguzo ikipata ufa, atakayetafutwa ni nani kama si mimi?

Nikienda ofisini najibiwa, "Fundi, vumilia, mfumo ndio unachelewesha." Mfumo gani? Mfumo hauwezi kutangaza ombi ambalo hakuna mtu aliyeliingiza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inawataka wawe na mpango wa ununuzi wa mwaka, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bajeti wanayo tangu Julai, ombi la nondo linaandikwa Januari! Na mvua za Machi hapa Kilimanjaro si habari mpya kwa mtu yeyote.

Wangekaa na mimi nusu siku tu, tukaandika kila kifaa kinatakiwa wiki gani, kinachukua muda gani kufika, kikikwama nani anaamua. Nondo zingetangulia, maana zikifunikwa vizuri zinakaa. Saruji ingeletwa kwa mafungu kadiri tunavyomwaga zege, kwa sababu ikipita miezi mitatu stoo nguvu yake inashuka. Na bei ya nondo inayumba, mzabuni asiachwe miezi na bei ileile halafu washangae akikimbia.

Nilianza na vijana tisa. Wawili wamerudi Rombo, mmoja anaendesha bodaboda, waliobaki wananipigia kila asubuhi kuuliza, "Bosi, leo vipi?" Mirunda niliyokodi inahesabiwa kila siku, na mwenye nayo hataki kusikia habari za zabuni.

Mkataba wangu una kipengele cha faini nikichelewa mimi. Wakichelewa wao, hakuna hata mstari. Kuna aliyewahi kudai gharama za kusubiri vifaa kwenye mkataba wa nguvu kazi akalipwa? Barua alimwandikia nani, meneja wa mradi au afisa masuuli, yaani mkuu wa shirika? Naomba majibu, Jumatatu naenda tena pale ofisini.